Mcheza kwao hutunzwa. Mcheza chuoni je?

MCHEZA kwao hutunzwa. Methali hii haihitaji ufafanuzi kwa mtu wa pwani, maana sote tumeiona ikitendeka. Harusini, taarabu inaponoga, bibi mmoja huinuka kitini, akajongea kwa madaha mpaka alipo mwimbaji, akamtunza. Noti ile haikuandikwa katika mkataba, wala hakuna aliyewahi kunena kwamba mwimbaji, kwa kuwa ametunzwa, basi ameacha kuupenda uimbaji. Kule Lamu nako, siku za Maulidi, vijana hushindana kwa punda na kwa mashua, na mshindi hupewa zawadi yake mbele ya kadamnasi akarudi kwao na heshima zake zote.

Kwa hivyo ni ajabu kwa mtu wa huku kusikia kwamba katika nchi yenye utajiri mkubwa kupita zote, yaani Marekani, watu wamebishana kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja juu ya swali moja: kijana anayekichezea chuo chake, je, alipwe au asilipwe? Na nisemapo chuo, mpenzi msomaji, sikusudii kile tulichopelekwa utotoni na juzuu kifuani. Nakusudia vyuo vikuu, vyenye viwanja vinavyoingiza watazamaji elfu themanini na zaidi kwa mchezo mmoja. Lakini hata kile chuo chetu cha kwanza kina neno lake katika mjadala huu, nasi tutalifikia.

Huenda mtu akauliza: Marekani na Kiembeni wapi na wapi? Jibu ni kwamba zi karibu kuliko tudhanivyo. Anayeijua Kiembeni, kule Kisauni, ukishapita Bombolulu na kuiacha barabara kuu ya Malindi, anajua kwamba ikisha sala ya alasiri kila kipande cha ardhi kisichojengwa huwa kiwanja. Wavulana hucheza pekupeku mpaka adhana ya magharibi. Wazazi wao hutazama, na baadhi yao hupiga hesabu moyoni: karo ya sekondari ni nzito, mfuko ni mwepesi, lakini mtoto ana mguu. Pengine mguu huo utafungua mlango ambao mfuko umeshindwa kuufungua. Matumaini hayo ndiyo yaliyowatoa vijana wengi wa Afrika Mashariki makwao yakawafikisha Marekani. Kwa hivyo ugomvi wa Wamarekani juu ya malipo ni ugomvi unaowahusu watoto wetu pia.

KIJANA KUTOKA DAR ES SALAAM

Tuanze na mtoto wa pwani hii hii yetu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Hakukulia katika mpira wa kikapu. Aliuanza akiwa tayari kijana, kwa sababu urefu wake ulikuwa hauna mfano. Alipokoma kukua alikuwa na futi 7 na inchi 3. Urefu huo ulimpeleka Marekani, akamaliza sekondari huko Texas, na mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut.

Kwa misimu mitatu kijana huyu alisimama chini ya kikapu cha timu yake kama mlinzi wa boma. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009 alichaguliwa mlinzi bora wa ligi yao, Big East. Mwaka 2009 timu yake ilifika nne bora za nchi nzima, michezo ambayo hutazamwa na mamilioni ya watu katika televisheni. Mwaka uliofuata, 2010, haki za kuyaonyesha mashindano hayo ziliuzwa kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14.

Kocha wa timu hiyo alikuwa Jim Calhoun, aliyekuwa akilipwa kiasi cha dola milioni 1.6 kwa mwaka. Hakuna mtumishi mwingine wa umma katika jimbo zima la Connecticut aliyelipwa zaidi yake, hata gavana. Februari 2009, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka, aliulizwa mbele ya waandishi wa habari kama angerudisha sehemu ya mshahara ule. Alikataa kwa ukali, akieleza kwamba timu yake inakiingizia chuo mamilioni ya dola.

Sasa msomaji atauliza: na yule aliyekuwa akiruka, akidaka, akaanguka sakafuni kwa kishindo, yeye alipata nini? Alipata masomo, chumba, chakula na vitabu. Si haba, wako wengi ambao hawakupata hata hayo. Lakini kanuni za wakati huo zilimkataza kupokea malipo kwa mchezo wake, au hata kwa jina lake na sura yake kutangaziwa kiatu au soda. Mara tu alipoondoka chuoni, Juni 2009, timu ya Memphis Grizzlies ilimchukua akiwa wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, NBA, na hapo ndipo mamilioni yalipoanza kuhesabiwa kwa jina lake. Mikono ilikuwa ile ile na mchezo ule ule. Kilichobadilika ni kanuni.

JINA LILILOTUNGWA KWA KUSUDI

Chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani huitwa NCAA, nacho kilianzishwa mwaka 1906. Msingi wake ulikuwa michezo ya ridhaa, yaani mtu hucheza kwa kupenda, asipokee ujira. Huo ulikuwa msemo wa Waingereza wenye mali, ambao hawakuhitaji ujira kwa kuwa walikuwa na mashamba na wapangaji. Ni rahisi kuusifu mchezo usio na malipo ikiwa nyumbani chungu ki jikoni.

Katika miaka ya 1950 NCAA ililitia nguvu jina jipya: mwanafunzi-mwanamichezo. Likisikika haraka haraka ni jina zuri, lina elimu na lina afya ndani yake. Lakini lilikuwa na kazi ya kufanya mahakamani. Mwaka 1955 kijana mmoja, Ray Dennison, aliyechezea chuo cha Fort Lewis huko Colorado, aliumia kichwani katika mpira wa Kimarekani akafa. Mjane wake akadai fidia ile anayopewa mke wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilimnyima, kwa hoja kwamba mumewe hakuwa mfanyakazi wa chuo. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kuanzia 1951 hadi 1987, baadaye alitoa kitabu mwaka 1995 akieleza wazi kwamba jina lile la mwanafunzi-mwanamichezo lilitungwa ili kuepuka madai ya namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wetu wengi hawakupata kuelezwa. Tangu mwaka 1973, ufadhili wa mchezaji chuoni uliwekwa kuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka ukiisha, kocha ndiye aliyekuwa na neno la kuuendeleza au kuukata. Mpaka mwaka 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ufadhili wa miaka kadhaa kwa mpigo. Yaani kwa karibu miaka arubaini, kijana aliyevuka bahari kwa ajili ya masomo ya miaka minne alikuwa mikononi mwake na ahadi ya miezi kumi na miwili tu.

WASEMAVYO HAWA NA WALE

Tusiwe wenye kusikiliza upande mmoja. Wanaopinga malipo wana hoja, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Kwanza wanasema kwamba masomo yenyewe ni malipo. Karo ya chuo Marekani kwa mwaka mmoja inaweza kupita kipato cha familia moja ya huku kwa miaka mingi. Pili, wanasema fedha huharibu: kijana wa miaka kumi na minane akishikishwa mamilioni, kitabu atakifungua saa ngapi? Tatu, na hili ndilo la kutafakari zaidi, wanasema kwamba michezo inayoingiza fedha ni miwili tu, mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Michezo mingine yote, ikiwemo riadha, kuogelea na sehemu kubwa ya michezo ya wanawake, hulishwa na hiyo miwili. Ukianza kuwalipa wachezaji wa ile miwili, iliyobaki italala na njaa.

Wanaotaka malipo nao hujibu. Masomo ni malipo, ndiyo, lakini ni malipo yaliyopangwa na upande mmoja peke yake, na kijana hana ruhusa ya kwenda kwingine kutafuta zaidi, maana vyuo vyote vimekubaliana bei. Wafanya biashara wa mjini wakikaa pamoja wakapatana kwamba hamali wote walipwe kiasi kimoja na asitokee wa kuongeza, tungewaita nani? Na kama fedha huharibu, mbona hazijamharibu kocha?

Hoja hii ya mapatano ya bei ndiyo iliyoshinda mahakamani. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 1995, alikishitaki chama baada ya kuiona sura yake ikichezeshwa katika mchezo wa kompyuta uliokuwa ukiuzwa madukani, ilhali yeye hakupata hata ndururu. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wachezaji kuuza majina na sura zao. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji tisa kwa tisa, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haiko juu ya sheria za biashara. Siku chache baadaye, Julai mosi, mlango wa matangazo ukafunguliwa nchi nzima. Na tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi iitwayo House, ambayo kwayo chuo kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kiasi kisichozidi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni mbili na nusu za Kenya, kwa chuo kimoja. Suluhu hiyo pia ilitenga kiasi cha dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza tangu mwaka 2016.

Thabeet aliondoka mwaka 2009. Fidia hiyo haimfikii. Mara nyingine mwenye kuvuja jasho siye mwenye kula.

MGENI HALI CHA MWENYEJI

Sasa tuje kwa vijana wetu walioko huko leo, maana wengi huku wamesikia kwamba mambo yamefunguka, wakadhani kila Mkenya aliyeko chuoni Marekani anachota.

Mwanafunzi mgeni huingia Marekani kwa kibali cha masomo. Kibali hicho humruhusu kufanya kazi ndogo ndani ya chuo, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na humbana sana katika kazi za nje. Kutangaza bidhaa kwa malipo huweza kuhesabiwa kuwa kazi, na anayevunja sharti hupoteza kibali na kurudishwa kwao. Kwa hivyo katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo, kijana Mmarekani anaweza kutia sahihi ya kutangaza magari, na mwenzake kutoka Afrika, pengine bora kuliko yeye, akatazama tu.

Mfano uliojulikana sana ni wa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo, mji ambao Kiswahili hunenwa sokoni na nyumbani. Mwaka 2022 alitajwa kuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo vyote vya Marekani, akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky. Hata hivyo hakuweza kuvuna kama wenzake. Agosti ya mwaka huo timu yake ilipokwenda kucheza visiwa vya Bahamas, ndipo alipopata nafasi ya kufanya kazi zake za matangazo, kwa kuwa alikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima ilimbidi avuke maji ili apokee alichochuma.

Na wetu wa Kenya wengi si wa mpira wa kikapu, bali ni wa riadha. Edward Cheserek alichukua mataji 17 ya kitaifa ya vyuo akiwa Chuo Kikuu cha Oregon kati ya 2013 na 2017, kabla ya mlango wa matangazo kufunguliwa. Mwaka 2025 Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa chini ya dakika tisa, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mwanamke yeyote wa vyuo vya Marekani. Ni sifa kubwa. Lakini mbio haziuzi tiketi kama mpira wa Kimarekani. Suluhu ilipopita mwaka 2025, vyuo vikubwa vingi vilipanga kiasi cha robo tatu ya fedha za kugawanya ziende kwa wachezaji wa mpira huo. Papo hapo suluhu iliweka kikomo cha idadi ya wachezaji katika kila timu, na makocha wa riadha wakaanza kupunguza majina. Kwa hivyo mkimbiaji kutoka kwetu anaweza kujikuta hana fungu katika fedha mpya, na hata ile nafasi yake ya zamani imekuwa finyu.

Kwa mgeni kama huyo, malipo ya hakika yamebaki kuwa yale yale ya zamani: masomo. Na hapa kuna funzo la watu wawili waliotutangulia.

WAKIMBIAJI WAWILI

Henry Rono alikwenda Chuo Kikuu cha Washington State katikati ya miaka ya 1970. Alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo mwaka 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hajatokea mwingine wa kufanya hivyo. Michezo ya Olimpiki hakuipata hata mara moja, kwa kuwa Kenya iligoma mwaka 1976 na tena mwaka 1980. Kilichofuata kilikuwa kigumu. Pombe ilimshika, fedha zikampotea, na mtu ambaye jina lake lilikuwa katika kila gazeti la michezo duniani alipata kufanya kazi ya kubeba mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Yeye mwenyewe aliyasimulia hayo bila kuficha. Alirejea Kenya mwaka 2019, akafariki Februari 2024.

Mike Boit ni wa enzi hiyo hiyo. Alipata nishani ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, naye akaenda Marekani kwa njia ya mbio, katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico. Hakuishia hapo. Aliendelea na shahada ya pili Stanford na ya uzamifu Oregon, akarudi nyumbani kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na aliwahi kuwa kamishna wa michezo wa serikali.

Sisemi kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine mbaya. Maisha yana mitihani ambayo aliye nje haijui. Ninalosema ni kwamba chuo kiliwapa wote wawili malipo ya namna moja, yaani elimu, na malipo hayo hayajilipi yenyewe. Fedha ukipewa umepewa. Elimu ukipewa nafasi, bado hujapewa mpaka uichukue. Na kocha anayetaka ushindi wa Jumamosi hana haja kubwa ya kuona kama umeichukua.

TURUDI KISAUNI

Hapa kwetu, mchezo kama huu unachezwa kwa kiasi kidogo kila mwaka. Michezo ya shule za sekondari ina heshima kubwa, na shule inayotaka kufika fainali za taifa hutafuta vipaji. Kijana wa kidato cha kwanza mwenye mguu hupata wa kumwambia: njoo kwetu, karo usijali. Mara nyingi hilo ni jambo la heri. Wako wengi ambao lau si mpira wasingeiona sekondari.

Lakini tuseme kijana wa Kiembeni amechukuliwa hivyo. Anacheza kidato cha kwanza, cha pili, timu inafika mbali, picha zinapigwa. Kidato cha tatu anavunjika goti. Muhula unaofuata barua ya karo inafika nyumbani, na salio lina tarakimu nyingi. Mzazi anakwenda shuleni, anaambiwa mfadhili amebadili nia, au mwalimu mkuu aliyeahidi amehamishwa. Ahadi iko wapi? Ilikuwa ya mdomo, na mdomo umehamishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Karo ile iliyolipwa ilikuwa nini? Ilikuwa zawadi, ilikuwa sadaka, au ilikuwa ujira?

Sadaka tunaijua. Kule Tudor kuna chuo kikuu kiitwacho Technical University of Mombasa. Kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Miongoni mwa waliochanga ili kijengwe ni Aga Khan, Sultan Khalifa wa Zanzibar na jamaa wa Kibohora, kwa kusudi la kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi wa mikono. Hakuna aliyetoa fedha zile kwa sharti kwamba mwanafunzi afunge mabao. Mtoto akiumia mguu, darasa lake lilibaki kuwa lake. Huo ndio msaada uliotolewa kwa ajili ya elimu yenyewe.

Bali msaada unaokatwa siku goti linapovunjika si sadaka. Ulikuwa unalipia goti. Nao ukiwa unalipia goti, basi ni ujira, na ujira una sheria zake. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wanapofundisha mlango wa ijara husisitiza mambo mawili: kazi ijulikane na malipo yajulikane, mtu asije akaingia gizani akatoka na majuto. Na katika Sura ya Al-Baqara imo ile aya ndefu kupita zote katika Qur'ani, na jambo linaloamrishwa ndani yake ni kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Hatukuamrishwa tuandike kwa sababu watu wote ni wezi. Tuliamrishwa kwa sababu watu husahau, hufa, na huhamishwa.

Na sasa tukifikie kile chuo cha juzuu nilichokitaja mwanzo. Wanazuoni wa kale walijadiliana: mwalimu wa Qur'ani apokee ujira au asipokee? Wako wa madhehebu ya Hanafi waliokataa hapo awali, wakisema hiyo ni ibada na ibada haiuzwi. Baadaye wafuasi wao wenyewe waliruhusu, walipoona kwamba mwalimu asiyelipwa ataacha kufundisha ili atafute chakula, na watoto watabaki bila Qur'ani. Wa madhehebu yetu waliruhusu pia. Basi ikiwa wanachuoni walikubali kwamba mtu anaweza kufundisha neno la Mungu kwa mapenzi yote na bado akapokea ujira wake, iweje tuambiwe kwamba kijana akilipwa kwa kupiga mpira mapenzi yataisha?

LA KUFANYA

Sisemi kwamba watoto wa shule walipwe mishahara. Mtoto wa kidato cha pili anahitaji darasa, si pesa za mfukoni, na hapo nawaunga mkono wale wa Marekani waogopao kwamba fedha zitafunika kitabu. Ninalosema ni dogo kuliko hilo, na linawezekana kesho asubuhi. Mzazi akiambiwa karo usijali, aombe karatasi. Karatasi hiyo iseme mambo manne.

La kwanza, nani analipa: ni shule, ni mfadhili, au ni kocha kwa mfuko wake. La pili, kwa muda gani: iwe ni mpaka mtihani wa mwisho, si mpaka mwisho wa msimu. La tatu, akiumia itakuwaje, na nani atalipa hospitali. La nne, atasoma saa ngapi, maana mazoezi ya asubuhi, ya jioni na safari za wikendi zina njia ya kuila siku nzima, na mtoto akafika kidato cha nne akiwa na vikombe kabatini na alama za chini kwenye cheti.

Na yule mwenye bahati ya kuitwa chuo cha Marekani aulize hayo hayo, aongeze mawili: ufadhili huu ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya shahada? Na kibali changu kinaniruhusu kupokea nini? Kocha mwema hataudhika kwa maswali hayo. Anayeudhika amekwisha kukujibu.

Watakuwako watakaosema kwamba kudai karatasi kwa mtu anayekusaidia ni utovu wa adabu, na kwamba sisi watu wa pwani tuna haya. Haya ni nzuri, lakini tangu lini haya imekuwa sababu ya kutoandika? Nahodha wa jahazi na tajiri wake walikuwa ndugu wa chanda na pete, na bado waliandikiana kila gunia la tende na kila boriti iliyopakiwa. Hawakuandikiana kwa kushukiana, bali ili wabaki marafiki baada ya safari.

Kipaji cha mtoto nacho ni shehena, tena ni ya muda mfupi, kwa kuwa mguu wa miaka kumi na saba hauji mara mbili. Wamarekani, kwa mali yao yote na mawakili wao wote, ilibidi waende mahakamani miaka mingi ndipo wakakubali kwamba aliyekuwa akivuja jasho alikuwa na haki ya kuulizwa bei. Sisi hatuna haja ya kungoja muda huo. Kalamu tunayo, na karatasi ni shilingi chache dukani. Mali bila daftari, walisema wazee, hupotea bila habari.